Mjomba aliniuliza: "Inaliaje?"

Jamani, nimekuwa kimya. Kuna walioniuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimepata ajira serikalini. Hapana. Nilikuwa Vigwaza, nikiua mashine ya mjomba wangu.

Ndiyo, kuiua. Ngoja nieleze...

Kwa wengi wetu wa Dar, Vigwaza ni mizani. Unapanda basi pale Mbezi kituo cha Magufuli, unapita Kibaha, unapita Mlandizi, unavuka Mto Ruvu, halafu unaona foleni ya malori na basi lako nalo linapunguza mwendo. Hiyo ndiyo Vigwaza. Unasinzia tena, ukifumbua macho uko Chalinze. Zamani eneo lote lile lilikuwa Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo, siku hizi ni Halmashauri ya Chalinze, lakini mjomba wangu bado anasema "sisi watu wa Bagamoyo" na huwezi kumbadilisha.

Bibi yetu alifariki mwaka huu. Arobaini ilipangwa iwe Jumamosi, nyumbani kwa mjomba. Nikaomba ruhusa kazini, nikafika Jumatano ili nisaidie. Kazi yangu ikawa kuni. Mjomba ana mikorosho aliyoachiwa na baba yake, na mitatu ilikuwa imekauka imesimama. Tukate hiyo, tupasue, tupike.

Najua kuna msomaji atakayeguna: kuni, zama hizi? Hata mimi nimeandika habari za nishati safi. Mkakati wa Taifa ulizinduliwa mwaka 2024, unaishia 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishapewa hadi Januari 2024 ziachane na kuni na mkaa. Sawa kabisa. Lakini nenda na mtungi wako wa kilo sita ukasimame mbele ya sufuria la pilau la arobaini, utuambie utaliivisha saa ngapi. Mikorosho yenyewe ilikuwa mikavu tayari, na mjomba alishatoa taarifa ofisi ya kijiji. Mlio wa chenso unasikika mbali, na tangu ilipokuja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ukiufuata mlio ule unamkuta mtu anayetakiwa kujieleza.

Basi, chenso. Ule msumeno wa mnyororo, wa injini. Ya mjomba ni ya mkono wa pili, imepigwa rangi mpya kuficha umri. Tukaiwasha Jumatano jioni. Ikawaka, lakini ukiiweka kwenye gogo inazama polepole kama mtu anayekata mkate mkavu kwa kijiko. Moshi unatoka kwenye mti, na chini linadondoka unga, mweupe, laini, ungeweza kuupepeta.

Mjomba akaokota ule unga, akausugua kwa vidole. Akasema, "Mpwa wangu, tuanze na mnyororo huo." Akanipa tupa.

Nami nikasema, "Tutafika huko, mjomba."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, ila sikujua. Unajua sisi vijana wa mjini tulivyo. Usiku mzima nilikuwa kwenye simu nikiangalia video za Wamarekani wakifungua ekzosi za chenso zao. Wanasema kiwandani wameziba pumzi ya mashine kwa sababu ya sheria za kelele na hewa chafu. Ukitoboa ekzosi ikawa na mdomo mpana, injini inapumua, nguvu inaongezeka. Na ni kweli, inaongezeka! Tatizo ni kwamba video zile zina nusu ya pili, na mimi nililala kabla ya kufika huko.

Alhamisi asubuhi nikaazima drili kwa jirani anayechomelea mageti. Nikafungua ekzosi. Ndani kuna kiwavu kidogo cha waya, kimejaa masizi. Nikakitoa, nikakitupa. Nikatoboa matundu mawili makubwa, nikayaunganisha kwa tupa. Ile tupa ya kunolea mnyororo! Mjomba amekaa kwenye kigoda ananitazama.

"Hicho kiwavu vipi?" akauliza.

"Kinaziba pumzi, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Tukaiwasha. Wacha! Kuku walikimbia hadi kwa jirani. Ikanguruma kama pikipiki ya mashindano. Nikachukua bisibisi, nikaenda kwenye kabureta. Kwa wasiojua, chenso nyingi zina skrubu tatu pale ubavuni. Moja ina herufi L, ya mafuta wakati mashine iko chini. Nyingine H, ya mafuta wakati umevuta mpaka mwisho. Ya tatu ni ya sailensa, ili isizimike ukiachia. Ukikaza L au H unapunguza mafuta, ukilegeza unaongeza. Nikakaza H kidogo. Mlio ukawa mwembamba, mkali, mtamu. Nikakaza tena kidogo. Sasa ikawa inaimba kama mbu mwenye hasira, safi kabisa.

Mjomba akasogea karibu, akainamisha kichwa. "Inaliaje?"

"Safi sana, mjomba!"

Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Nakuuliza, inaliaje?"

Nikamwinulia dole gumba. Nilidhani ananisifia.

Tulikata kama robo saa. Ukweli lazima niuseme, ilikata kuliko jana, pamoja na ule mnyororo butu. Mkorosho wa kwanza ulilala chini na nilishaanza kuusogelea wa pili moyoni. Halafu mlio ukapanda wenyewe bila mimi kuongeza, ukashuka ghafla, mashine ikakata pumzi. Kimya. Nikavuta kamba ya kuwashia, haiendi hata sentimita moja. Ukiigusa silinda unaungua.

Mjomba alivuta kamba mara moja tu, taratibu. Akaachia. Hakusema neno. Akaingia ndani.

Heri angenitukana.

Ijumaa walikuja majirani na mashoka. Vijana wanne, na mzee mmoja aliyewashinda wote. Walipasua mikorosho ile mpaka magharibi huku mimi nabeba. Arobaini ilisomwa, pilau likaiva, watu wakala, wakamwombea bibi. Hakuna mgeni aliyejua lolote. Ila mimi kila nikitazama moto chini ya masufuria naona mikono ya watu wengine iliyofanya kazi niliyojigamba kwamba nitaifanya kwa mashine.

Jumatatu tukapanda basi mimi na mjomba kwenda Mlandizi, chenso ikiwa kwenye kiroba. Kuna fundi pale, mzee wa makamo, anatengeneza pampu za maji, jenereta na chenso chini ya mwembe. Kumbe wanafahamiana na mjomba tangu ujana. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia, akatoa ekzosi, akachungulia kwenye tundu la silinda kwa tochi ya simu. Akanipa nichungulie na mimi. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi, kama imepitiwa na makucha ya paka.

"Nani kafungua huu mdomo?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Sasa sikilizeni alichonifundisha, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Injini ya chenso ni ya mipigo miwili. Haina oili yake chini kama injini ya gari. Oili yake inakuja imechanganywa na petroli, na wengi wanatumia sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili ya 2T, yaani lita tano kwa mililita 100. Wavuvi wa Bagamoyo wenye injini za boti za namna hiyo wanalijua hili kuliko mimi. Kwa hiyo ukipunguza mafuta, hupunguzi petroli peke yake. Unapunguza na ulainishaji, na joto nalo linapanda. Pistoni inavimba, inakwaruza ukuta wa silinda, inanata.

Na nilifanya nini mimi? Nilifungua ekzosi, hewa ikawa nyingi. Hewa ikiwa nyingi inatakiwa mafuta yaongezwe, skrubu ya H ilegezwe. Mimi nikaikaza! Hiyo ndiyo ile nusu ya pili ya video.

"Na huu mlio mtamu," fundi akaniambia, "ndio mlio wa kufa." Chenso iliyosetiwa vizuri, ukiivuta mpaka mwisho bila kukata kitu, haitakiwi kuwa safi. Inatakiwa igugumie kidogo, kama mtu mwenye mafua anayeongea haraka. Hayo ni mafuta ya ziada yanayoipoza. Ukiigusisha kwenye mti, mzigo ukaingia, kigugumizi kinapotea. Ukiinyanyua, kinarudi. Ukikisikia hivyo, acha, usiguse tena. Isipogugumia kabisa, legeza H haraka.

Kile kiwavu je? Kinakamata cheche zisirukie nyasi. Nyasi za Vigwaza wakati wa kiangazi mnazijua. Nilikuwa nimesimama katikati ya shamba la watu, na bomba linalotema cheche mkononi. Mpaka leo nikikumbuka tumbo linanicheza.

Halafu akachukua mnyororo, akapitisha kidole gumba juu ya meno. Akacheka. "Huu hata ndizi haukati."

Hapo nikainamisha kichwa. Kumbe ugonjwa ulikuwa ule tangu Jumatano, na dawa yake ni tupa! Mnyororo mkali unatoa vipande, mnyororo butu unatoa unga. Udongo wetu ule ni mchanga mtupu, ukigusa chini mara moja tu meno yamekwisha. Unahitaji tupa ya mviringo inayolingana na mnyororo. Mnyororo mkubwa wa kawaida unatumia tupa ya milimita 5.2, mdogo kidogo 4.8, ule wa mashine ndogo 4. Unasukuma kwenda mbele tu, kwa pembe ya nyuzi kama 30, kila jino idadi ileile ya misukumo. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima jino liingie kiasi gani, kinakuwa chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Ukikishusha sana ili ikate haraka, chenso inaanza kupiga mateke. Na teke la chenso linakuja usoni.

Niliporudi nyumbani nilisoma zaidi kidogo, ugonjwa wa kazi. Mnyororo wa kisasa wa chenso ulibuniwa na Mmarekani aitwaye Joseph Cox. Mwaka 1946 alikuwa anapasua kuni, akasimama kumtazama funza wa mende akitafuna kisiki, kushoto na kulia, bila kujali mti umekaaje. Akaiga taya za yule funza kwa chuma. Mashine yote ile, makelele yote yale, kazi yenyewe inafanywa na jino dogo kama la mdudu. Na mimi nilianzia kwenye ekzosi.

Lakini hilo bado si kubwa. Kubwa lilikuja wakati mjomba amekwenda kununua soda.

Fundi akaniuliza, "Kwani mjomba wako hakuiseti mwenyewe? Huyu tulikuwa naye kwenye kupasua mbao Iringa. Alikuwa anaseti kabureta kwa sikio, hatazami hata skrubu. Watu walikuwa wanamletea mashine kutoka kambi nyingine."

Nikasema aliniachia mimi. Nikasema aliniuliza tu inaliaje, mara mbili.

Fundi akaacha bisibisi. Akanitazama. "Kijana, mjomba wako hasikii. Hujui?"

Sikujua. Jamani, sikujua! Nilijua tu ukimpigia simu anajibu "eeh, eeh" hata kwa jambo lisilotaka eeh. Nilijua redio yake inasikika mpaka barabarani. Niliwahi kumwambia mama kwamba kaka yake siku hizi ana dharau, unaongea naye anatazama pembeni. Kumbe alikuwa ananigeuzia sikio lenye nafuu.

Nimeangalia hesabu zake. Wataalamu wa afya kazini wanasema kelele za desibeli 85 unaweza kuzivumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Chenso ziko huko juu, kwenye mia na kitu, na ikifika 109 una kama dakika mbili tu kwa siku nzima. Mjomba aliishikilia tangu asubuhi mpaka jioni, miaka kumi na moja, bila hata pamba masikioni. Alimaliza kazi hiyo kabla ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 kupitishwa, ingawa sidhani kama kule porini kuna mtu angeisoma. Hata vidole vyake vinakufa ganzi asubuhi za baridi, kwa ajili ya mtetemo. Ndiyo maana alinipa tupa. Hakuwa mvivu wa kunoa. Asingeweza kuishika ikatulia.

Kwa hiyo mnaona? Mtu aliyejua kila kitu alichokuwa ananifundisha fundi, tena kwa miaka mingi kuniliko umri wangu, alikaa kwenye kigoda akakosa vitu viwili tu, vidole na masikio. Akaviazima kwangu. Alipouliza "inaliaje" hakuwa ananisifia. Alikuwa anaomba taarifa. Ningemjibu tu "inalia kama mbu", angeruka kutoka kwenye kile kigoda akaizima palepale.

Mimi ambaye mshahara wangu unatokana na kusikiliza watu! Nikiwa na kinasa sauti mbele ya waziri sikosi neno. Nyumbani kwetu nilijibu kwa dole gumba.

Mjomba akarudi na soda tatu. Sikusema kitu, na fundi hakusema. Nililipia pistoni, ringi na kazi, nusu siku hiyo na nusu mwisho wa mwezi. Ukuta wa silinda ulipona, bahati. Fundi alipunguza ule mdomo wa ekzosi kwa kipande cha bati akakichomelea, akaweka kiwavu kipya.

Wiki mbili baadaye nikarudi Vigwaza. Mkorosho wa tatu bado ulikuwa umesimama. Safari hii tulianza na mnyororo, jino kwa jino, mimi nasukuma tupa na mjomba amekaa karibu, ananigonga bega nikipindisha pembe. Ilituchukua karibu saa nzima. Halafu tukawasha. Yeye akashika bisibisi, mimi nikakaa mbele yake anione mdomo.

"Inaliaje?"

"Nyembamba. Kama mbu."

Akalegeza kidogo. "Sasa?"

"Imeshuka. Bado haigugumii."

Akalegeza tena, unene wa ukucha. Nikasikia. Kigugumizi kile, trrr-trrr-trrr, kama mtu mwenye mafua. Nikamwambia, nikamwigia na kwa mdomo, ananitazama midomo. Akatabasamu kama mtu aliyeletewa barua ya rafiki wa zamani. Akaweka mashine kwenye gogo na vipande vikaruka, vinene, vya rangi ya maziwa. Hakuna unga.

Nilikuwa nimemnunulia vile vikinga masikio vikubwa, vya kama hedifoni. Nikampa. Akavigeuzageuza, akacheka mpaka akakohoa.

"Nyumba imeungua mpwa wangu, ndiyo unaleta ndoo?"

Halafu akanivalisha mimi, akavikaza.

"Vaa wewe. Yako bado yanafanya kazi."

Wikiendi njema, wadau. Na kama una mzee nyumbani anayejibu "eeh, eeh" kwenye simu, usimwite mwenye dharau. Kaa mbele yake, akuone mdomo.